Miji Yote Iliyopotea

Melquiades Huillca alipoingia ofisi ya nne ya safari asubuhi ile, alikuwa amevua kofia kwa adabu, lakini hasira alikuwa ameivaa tangu ofisi ya kwanza.

"Nataka safari ya kwenda Pumaraqay," alisema.

Kijana wa mezani, aliyejitambulisha kwa jina la Renzo, alimtupia tabasamu kama anayemrushia kuku mahindi. "Karibu, mzee wangu! Magofu ya Wainka tunayo ya kila aina. Kuna safari ya Mji Uliopotea. Kuna ya Mji Uliopotea wa Mawinguni. Na kuna hii mpya, ya Mji wa Mwisho Uliopotea. Hii inapendwa sana."

"Pumaraqay haujapotea. Mke wangu amezikwa pale."

Renzo alianza kucheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake. Akamsogezea vijitabu. Melquiades alivitazama kimoja baada ya kingine. Kusoma alisoma kwa shida, tena herufi kubwa tu, lakini macho alikuwa nayo. Kila kijitabu kilikuwa na ukuta wa mawe, mnyama mmoja wa aina ya lama anayetafuna, na msichana wa kizungu aliyeruka juu kana kwamba amekanyaga kaa la moto. Kuta zote zilifanana. Alitafuta mahali ambapo yeye na Fortunata walikuwa wakianika mahindi, lakini hakuona mahindi wala alama ya binadamu aliyewahi kupika mahali hapo.

"Unatazamwa na mlima gani, mji huu?" aliuliza, akigonga picha mojawapo.

"Yote, mzee wangu. Huko milima iko kila upande."

"Nakuuliza mlima wake. Mlezi wake. Wewe kwenu wapi?"

"Lima."

"Haya basi," alisema Melquiades, akavaa kofia yake.

Nje, mtaa mzima wa Cusco ulikuwa na ofisi kama zile, zimebanana kama punje gunzini, na kila mlango ulikuwa na mji wake uliopotea. Alisimama akiwaza ni watu gani hawa waliopoteza miji mingi hivyo, na mbona wanaoipoteza ndio haohao wanaolipwa kuitafuta.

Jambo lenyewe halikuwa gumu. Waliolifanya gumu ni wakubwa. Yeye na Fortunata walilima kwenye matuta ya Pumaraqay kama wazee wao walivyolima. Fortunata alifariki, akazikwa chini ya tuta la mwisho. Udongo haujakauka, wakubwa wa hifadhi wakaja na karatasi, wakasema mahali pale ni pa kale mno kukaliwa na watu. Familia zote zikahamishwa ili wageni waje waone jinsi palivyo patupu. Melquiades akaishia Cusco, kilimani juu, akifyatua matofali ya udongo kwa ajili ya nyumba za wengine.

Na wafu hurudi. Kila mwaka, sikukuu yao ikifika mwanzoni mwa Novemba, roho huja adhuhuri, hukuta meza imeandaliwa, hula, hunywa, na kesho yake adhuhuri huenda zake. Huja miaka mitatu. Mwaka wa tatu huagwa, na baada ya hapo haiji tena. Roho ikikosa meza mwaka wa tatu, inaondoka na njaa yake, na njaa hiyo haina mwisho.

Mwaka wa kwanza njia ya kwenda kaburini ilizibwa kwa kamba tu. Melquiades aliinama akapita. Mwaka wa pili palikuwa na askari, lakini alikuwa mtoto wa shemeji wa jirani, akageuza uso akajifanya anakojoa. Mwaka huu, wa tatu, waliweka geti la chuma na amri: hapiti mtu ila awe katika kundi, na kundi liwe na kiongozi mwenye leseni.

"Hata aliyezaliwa humo ndani?" Melquiades alimuuliza askari mpya.

"Hao ndio hasa," askari alijibu.

Binti yake Nilda, aliyeko Lima, alitoa gharama za safari bila kunung'unika. Alisema kwenye simu: "Chagua safari moja, baba, uende. Lakini tafadhali, usigombane na watu."

Kuchagua! Kana kwamba anachagua viazi.

Kwenye mlango wa ofisi ya tano alimkuta mwanamke kijana ameketi kizingitini, anakunja kamba. Mashavu yake yalikuwa yameunguzwa na baridi ya juu, na alimwamkia kwa Kikechua, lugha ya kwao, kwa heshima, kama mtoto aliyelelewa vyema. Jina lake Yesenia Tunquipa, kiongozi wa safari, leseni yake ikining'inia shingoni.

Melquiades hakumwuliza kitu. Alitoa kifuko chake cha majani ya koka akamkaribisha. Yesenia akayapokea majani kwa mikono miwili. Akachagua matatu mazima, akayapanga kama kipepeo, akainuka, akageuka. Melquiades alimtazama kwa makini, kama mtu anavyotazama mzani wa mchuuzi. Yesenia aligeukia mlima Salkantay, akayapulizia polepole, midomo ikinong'ona.

Moyo wa mzee ukatua. Kwao, anayekwenda mahali humwomba ruhusa mlima wa mahali hapo. Salkantay ndio mlima uliomlea Fortunata.

"Unapeleka watu kwenye magofu yaliyo chini yake?" aliuliza, akiuonyesha mlima kwa kidevu.

"Ndiyo, baba. Chini yake kabisa. Tunaondoka keshokutwa, na sikukuu ya wafu itatukuta safarini. Unataka kuja?"

"Nina mtu wangu huko."

"Basi karibu."

Hapo angeweza kuuliza tena, ataje jina la Pumaraqay, asikie jibu. Lakini kumhoji mtu aliyekwisha kupulizia majani ni kumwita mwongo mbele ya mlima. Melquiades hakuwa amelelewa hivyo. Akaingia ndani, akaweka alama ya kidole mahali alipoonyeshwa.

Kundi lilikuwa dogo. Walikuwepo mtu na mkewe kutoka Chile, Ignacio na Maite, na Mnorwei mmoja mrefu kama mlingoti aliyeitwa Sverre, asiyejua lugha yoyote ya watu isipokuwa Kiingereza, ambacho Maite alimtafsiria. Na walikuwepo wapagazi na nyumbu wao.

Siku ya kwanza Melquiades hakujua ashike wapi. Wageni walipumzika, yeye aliona haya kupumzika. Walipofika kambini alianza kushusha mizigo ya nyumbu.

"Bwana mtalii!" mpagazi mmoja alimpigia kelele. "Wewe umelipa ubebewe au umelipa ubebe?"

"Mwacheni," mwingine akadakia, "anataka bakshishi, kisha ajipe mwenyewe!"

Walicheka hadi nyumbu wakatega masikio. Melquiades alicheka nao kidogo, lakini furushi lake mwenyewe hakumpa mtu. Ndani yake mlikuwa na mikate iliyofinyangwa kama watoto wachanga, yenye nyuso za kupakwa rangi, kama inavyofaa kwa roho ya mwanamke. Mlikuwa na pombe ya mahindi, mshumaa, na viazi vilivyokaushwa kwa baridi.

Njia ilimshangaza. Hakupaona mahali pa kuvukia alipopajua, wala bonde la miiba. Alijiambia kwamba wakubwa wamehamisha njia, maana kitu gani hawajahamisha? Lilipokosekana geti, akadhani limehamishwa nalo. Akafurahi hata.

Siku ya pili walipanda hadi mahali pa juu kabisa, njia inapovuka mgongo wa mlima, upepo ukiwachapa. Jua lilikuwa linakaribia katikati. Upande wa pili, chini sana, palikuwa na mto. Melquiades aliutazama mto ule muda mrefu. Kisha akatazama theluji za Salkantay, akageuka, akatazama tena. Mlima ulikuwa umemgeuzia mgongo. Miaka yote aliujua kwa uso. Sasa alikuwa anauona kisogoni.

"Binti," aliita. "Mto huu unakwenda wapi?"

"Kwenye misitu, baba. Kesho tutaufuata mpaka Wamanmarka."

"Wamanmarka ndio nini?"

"Magofu tunayokwenda. Mji Uliopotea."

"Na Pumaraqay?"

Yesenia alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Pumaraqay ni upande ule mwingine wa mlima, baba. Kwa nini?"

"Ulipulizia Salkantay! Nilikuona kwa macho yangu!"

"Mimi huupulizia kila siku. Bibi yangu alizaliwa chini yake. Hata nikienda sokoni kununua kitunguu, naupulizia." Kisha akaelewa nusu. "Ulisema una mtu wako huko. Nilidhani ni mmoja wa wapagazi."

"Mtu wangu ni marehemu! Ni mke wangu, na ni mwaka wake wa tatu, na leo ndiyo siku, na saa ndiyo hii!"

Ignacio na Maite walikuwa wamesimama. Wapagazi nao wakasimamisha nyumbu. Melquiades aliitazama njia waliyopanda, akaipima. Kurudi, kuzunguka mlima, kushuka hadi kwenye geti: hata ndege mwenye haraka asingewahi.

"Hawa wakubwa," alisema. "Wangeacha kamba tu. Kamba ningeinama. Mimi najua kuinama."

Yesenia hakujitetea. Alisema taratibu, "Baba, roho huenda inapoitwa. Bibi yangu alisema hivyo."

"Inapoitwa nyumbani! Huyu hajawahi kuukanyaga upande huu. Fortunata alikuwa akipotea hata sokoni. Nilikuwa namkuta amesimama kwenye vibuyu ananisubiri, kumbe tulikubaliana kukutana kwenye sufu. Atanionaje hapa, katikati ya Wachile?"

Lakini jua halikusubiri, na Melquiades alijua kwamba meza iliyowekwa mahali pabaya ni afadhali kuliko meza isiyowekwa. Labda ni afadhali. Hakuwa na mtu wa kumwuliza. Mama yake angejua.

Wakashuka kidogo mpaka penye ukuta wa mawe uliokinga upepo. Yesenia akaamuru ikunjuliwe meza ya kulia ya wageni. Melquiades akatandika shuka yake nyeusi, akapanga mikate, akamimina pombe, akawasha mshumaa ndani ya sufuria usizimwe na upepo. Mpishi alileta supu ya nyama na viazi bila kuombwa. Mzee akasimama, akauita mlima, kisha akaita kwa sauti, "Fortunata! Ni huku! Zunguka! Upande wa pili!"

Ukungu ukapanda kutoka bondeni. Hakuja nzi, hakuja ndege, wala alama yoyote ambayo wafu huja nayo. Juu kule nzi hawaishi, kwa hiyo hata hilo halikumwambia kitu.

"Sasa?" Maite alinong'ona.

"Sasa mnaomba," alisema Yesenia. "Yeyote anayemwombea anapewa chakula. Marehemu hana mdomo. Anakula kwa midomo yenu."

Maite na Ignacio wakasali sala wanayoijua, wakijikwaa katikati kama watu wasioingia kanisani muda mrefu. Wapagazi wakasali vizuri zaidi, na wakapewa. Yule aliyemwita bwana mtalii alipokea bakuli lake amevua kofia, akasema, "Mama Fortunata, tusamehe kelele."

Akabaki Sverre. Maite alimweleza. Mnorwei akajikuna shingo, uso ukamwiva. Akasema kitu.

"Anasema hajui sala yoyote," Maite alitafsiri. "Anajua wimbo mmoja tu, aliokuwa akiimbiwa alale."

Melquiades akakuna kidevu. Hakukuwa na kanuni juu ya hilo. "Na aimbe."

Sverre akaimba, mtu mzima mrefu vile, kwa sauti nyembamba isiyo yake. Wapagazi waliuma midomo wasicheke. Alipomaliza, Melquiades akampa bakuli la supu na mkate mzima wa mtoto, kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni wa heshima. Sverre alikula vyote. Alianza na kichwa cha mkate, akamaliza miguu, akafuta bakuli kwa kidole. Kisha akasema maneno machache, akiona haya.

"Anasemaje?" aliuliza Melquiades.

"Anasema ni kitamu sana," Maite alisema. "Anaomba radhi. Lakini bado ana njaa."

Melquiades aliganda na kata mkononi. Fortunata hakuwahi kusema hivyo, hata mara moja, katika ndoa yao yote. Miaka ya ukame, viazi vikiwa vya kugawana, alikuwa akisukuma sahani yake kwa Nilda na kwa mumewe, na kusema, "Nimeshiba, malizeni." Nao walimaliza. Hakuna aliyewahi kumwuliza mara ya pili.

"Mwulize," alimwambia Maite. "Mwulize njaa hiyo ni ya…" Akakwama. Akamtazama yule jitu mwenye ndevu za rangi ya majani makavu, akitafuta machoni pake kitu anachokijua. Macho yalikuwa ya bluu, yanatoa machozi ya upepo, na hayakumwambia lolote.

"Ya nani, baba?" Maite aliuliza.

"Basi. Usimwulize."

Akachota supu akajaza bakuli mpaka ukingoni. Akaweka viazi juu yake, vile alivyovibakiza kwa ajili ya kesho, vya kumfungia Fortunata safari ya kurudi. Sverre akala. Melquiades akachota tena. Wengine walikuwa wameshaondoka mezani na mpishi alisimama pembeni akingojea sufuria, lakini mzee alikaa palepale, magoti yakigusana na ya mgeni, akiangalia kila tonge linavyoingia.

"Kula," alimwambia kwa Kikechua, ambacho Sverre hakukijua. "Usiseme umeshiba. Kula, sufuria bado ina kitu."