Baba Nguchiro Amerudi

Gakwaya hakuwa mtafsiri. Alikuwa mwongo mwenye maikrofoni. Hivyo ndivyo Winifred alivyomwona tangu alipotia mguu katika banda lake la filamu pale Nyakabanda. Wanyama walisema yao kwa Kiingereza, na Gakwaya akabwata juu yao, akiwatia mdomoni maneno aliyoyapenda yeye. Watu walimwita fundi. Fundi gani, asiyejua hata salamu ya Kiingereza!

Katika filamu ya kwanza, baba wa familia ya nguchiro alisombwa na mafuriko akafa. Watoto bandani wakaangua kilio. Gakwaya, kwa kuogopa kukimbiwa na wateja, akaropoka: "Musilie! Baba iko hai. Sehemu ya pili atarudi, rwose, kweli kabisa!"

Kenny, mtoto wa Winifred, alikuwa na miaka saba na amemzika baba yake mwaka uleule. Tangu hapo akawa haulizi kitu ila sehemu ya pili inatoka lini. Winifred alimweleza kwamba aliyekufa harudi. Mtoto akamjibu kwamba Gakwaya amesema.

Basi leo sehemu ya pili imetoka, na mama amekuja amejiandaa. Alikulia Mwanza, mdomo anao, na Kiingereza ndicho anachofanyia kazi ofisini kwao Gisimenti. Gakwaya akithubutu kudanganya tena, atasimama amvue nguo mbele ya wateja wake.

Gakwaya hakumchelewesha. Nguchiro mmoja mzee alitokea mlimani, na mama nguchiro akamuuliza, kwa Kiingereza kinachosikika vizuri kabisa, kama anaijua njia ya bondeni. Gakwaya akaruka: "Huyu hapa! Baba! Si nilibaambia?"

Banda zima likalipuka kwa makofi na vigelegele. Mijitu mizima, ndevu zimeota, inamshangilia mpita njia! Winifred akasimama, koo ameshalisafisha. Kenny akamvuta sketi.

"Mama, kaa. Huyo si baba yao."

"Nani kakwambia?"

"Mama yao hajamkimbilia." Mtoto hakuyatoa macho kwenye picha. "Baba akirudi, wewe si ungemkimbilia?"

Winifred akaketi, akamshika mwanawe mkono, huku Gakwaya akizidi kupaza sauti, akimkaribisha baba nyumbani.