Aliyekubali ni Zuleha

Mimi sina subira, na hilo niliseme mapema ili mtu asije akanishangaa. Nikiletewa taarifa ndefu naruka hadi mwisho. Nikipewa chai naimeza kabla sukari haijayeyuka. Kwa tabia hii ilifaa niwe nauza nyanya barabarani Dumila, siyo kutengeneza lugha ya kompyuta. Lakini lugha tunayo. Inaitwa Bondwa, jina la kilele kinachotuchungulia mjini kila asubuhi, na waanzilishi wake ni wawili: mimi Zuleha, mwalimu wa kompyuta katika chuo kidogo cha ufundi, na Luqmani, mwenye duka la fotokopi karibu na stendi ya Msamvu.

Bondwa ni lugha huria. Maana yake kila kilichomo kiko wazi mtandaoni: yeyote anaweza kukisoma, kukichukua, kukirekebisha na kutuletea marekebisho yake. Tukiyapenda tunayakubali, na majina ya aliyeleta, aliyekagua na aliyekubali yanabaki pale, hayafutiki. Maagizo yake yote ni ya Kiswahili. Unaiandikia kompyuta "kama", "rudia", "andika", nayo inakuelewa.

Kwa miaka mitatu watumiaji wetu walihesabika kwa vidole. Wa maana kuliko wote alikuwa Mama Theresia, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na katibu wa kamati ya maji kijijini kwao, juu ya Nyandira, huko Mgeta. Kule watu wanalima kabichi, karoti na njegere kwenye matuta ya mlimani, na mfereji ni mmoja. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa sita maji ni ya mtaa wa juu. Mchana ni ya mtaa wa chini. Zamani zamu ziliandikwa kwenye daftari, na daftari lilizaa ugomvi kila wiki. Mama Theresia akajifunza Bondwa peke yake kwa miezi miwili, akaandika programu: saa ya mtu ikifika, ujumbe unaingia kwenye simu yake, "Zamu yako, fungua maji." Na sheria akaitunga mwenyewe, kamati ikaipitisha: bila ujumbe, hakuna kugusa maji.

Wazee kadhaa hawakuipenda programu hiyo. Walimpa msimu mmoja wa majaribio, na Jumamosi ya mwisho wa msimu kamati ingekaa kuamua. Ama programu iendelee, ama daftari lirudi na Mama Theresia aachie ukatibu. Alitueleza hayo kwa simu, kwa sauti ya mzazi anayesubiri matokeo ya mtihani wa mwanawe.

Jumatano ya wiki hiyohiyo tukapata mgeni. Kijana mmoja wa Ufini alikuwa ameisoma Bondwa kwa msaada wa kamusi, akatuandikia kwa adabu nyingi kwamba amegundua kosa. Agizo letu la kuuliza saa linakosea kwa saa sita. Asubuhi kompyuta yake ikisema nane, Bondwa inasema mbili! Akaambatanisha majedwali, majaribio arobaini na marekebisho yaliyokwisha kuandikwa.

Luqmani alinipigia simu nikiwa darasani. Nikaacha wanafunzi na zoezi, nikakimbilia dukani kwake.

"Zuu, tumetoboa!" alisema, amesimama katikati ya duka na wateja wanamsubiri. "Ufini, dada! Mtu yuko kwenye theluji huko anasoma kazi yetu!"

"Umekagua?"

"Nimekagua. Majaribio yote yamepita. Mbili na nane, wapi na wapi? Sijui tuliandika nini siku ile."

Nami nikaangalia, macho yakaona majedwali mazuri yenye rangi, moyo ukaona Ufini. Nikabonyeza kukubali. Juu yake nikaandika, "Nzuri sana, hongera ndugu yetu!" na vikopa vitatu vyekundu.

"Basi tusherehekee kesho," Luqmani akasema. "Njoo saa nane mchana, kabla wateja hawajawa wengi."

"Saa nane sawa," nikajibu, na simu mkononi mwangu imeandika mbili kamili kwenye kengele niliyoitega. Wallahi sikuona kitu. Tangu nimeanza kusoma saa, kichwa changu kinaondoa au kuongeza sita chenyewe bila kuniuliza, na cha Luqmani vilevile. Ndiyo maana miaka mitatu nyuma tuliifundisha Bondwa ihesabu saa kama sisi, na ndiyo maana tulisahau kabisa kwamba tuliifundisha.

Mama Theresia husasisha Bondwa yake kila Ijumaa alfajiri, kabla zamu hazijaanza. Ijumaa hiyo saa tisa alasiri simu yangu ikaita.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Hivi huko kwenu mko wazima?"

Akanieleza. Asubuhi nzima hakuna mtu wa mtaa wa juu aliyepata ujumbe. Mzee Kobelo, mkubwa wa wale wasioitaka programu, zamu yake ni saa mbili. Alikaa juu ya tuta na jembe lake tangu saa moja na nusu, maji yanampita miguuni, asithubutu kufungua kwa sababu sheria ni sheria. Miche yake ya kabichi ikalala. Saa nane mchana, jua la utosi limeshahama, simu yake ikalia: "Zamu yako, fungua maji." Akafungua. Saa nane hiyo maji ni ya mtaa wa chini, nao wakapanda na majembe yao na matusi yao.

"Hawakupigana, nashukuru Mungu," Mama Theresia akasema. "Lakini kesho ndiyo kikao. Zuleha, kuna kitu mmekigusa huko?"

Nilielewa palepale. Ni yale marekebisho ya Ufini.

"Itakuwa mtandao, mama," nikasema.

"Haya," akajibu, "mtandao."

Nilimfuata Luqmani dukani nikamwambia. Alijishika kichwa, akakaa juu ya boksi la karatasi. Halafu akasema turudishe saa ya zamani kimyakimya, na maelezo yawe mafupi. Nikarudisha. Pale pa maelezo nikaandika, "Marekebisho madogo." Niseme ukweli: sikumwogopa Mzee Kobelo wala kamati. Niliogopa Mama Theresia asije akajua kwamba nilimuuza kwa vikopa vitatu. Lakini usingizi ulinikataa, na alfajiri nikamwambia Luqmani twende tukakae naye kikaoni, angalau asiwe peke yake. Tukapanda gari la Mgeta, tukapita Mzumbe wanafunzi bado wamelala, tukaanza kupanda mlima.

Kikao kilikuwa katika darasa la shule ya msingi. Tulikuta watu wameshajaa, tukajipenyeza nyuma kabisa. Hakuna aliyetujua kwa sura zaidi ya Mama Theresia, naye alituona, akainamisha macho kwenye karatasi zake. Mzee Kobelo alisimama mbele, mrefu, kofia mkononi.

"Mimi sina maneno mengi," alisema. "Daftari likikosea, tunamjua aliyeandika. Ni mmoja wetu, tunamwita hapa, anajibu. Mashine ikikosea tumwite nani? Jana Mwalimu kasema mtandao. Huyo mtandao anakaa nyumba gani?"

Watu wakacheka. Luqmani akanikanyaga mguu. Nikajua Mama Theresia ameubeba uongo wangu na kuufikisha hadi kamatini, na sasa unamchoma yeye.

Mama Theresia akasimama. "Jana nilisema mtandao kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa," alisema. "Jioni nikafungua Bondwa yenyewe, nikaisoma. Imeandikwa Kiswahili, na mimi nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja. Siyo mtandao. Watu wamebadilisha saa. Majina yao yapo."

Akavaa miwani, akasoma kama anaita mahudhurio. "Jumatano, saa kumi kasoro dakika tano alasiri. Aliyeleta, kijana wa Ufini. Aliyekagua, Luqmani. Aliyekubali, Zuleha. Maneno ya Zuleha: 'Nzuri sana, hongera ndugu yetu.' Na makopa matatu."

"Makopa?" Mzee Kobelo akauliza.

"Ya mapenzi."

Darasa likalipuka. Mzee Kobelo hakucheka. "Soma tena," alisema, na Mama Theresia akasoma tena, makopa yakiwemo. "Huyu Zuleha ni nani? Anakaa wapi?"

Mama Theresia akakunja karatasi. Alinijua, alijua nimeketi benchi gani, na hakunyanyua macho. Angeweza kunimaliza kwa kidole kimoja, lakini alinisitiri. Hapo nilishindwa. Nikasimama.

"Ni mimi, wazee wangu. Shikamooni. Mimi ndiye niliyekubali. Na neno la mtandao ni la kwangu pia. Nilimdanganya Mama Theresia, naye akanibeba bila kujua. Jana nikarudisha saa kwa kujificha. Nisameheni."

Luqmani naye akasimama, jasho linamtiririka. "Aliyekagua," alisema, akajinyooshea kidole.

Nilitegemea kuzomewa. Badala yake watu wakageuka kututazama kwa hamu, kama wanaotazama bibi harusi. Mzee Kobelo alitusogelea, akatukagua kutoka kichwani hadi viatuni, akamgeukia Mama Theresia.

"Kwa hiyo mashine hii inaandika kila anayeigusa? Siku na saa?"

"Kila mmoja. Na hakuna awezaye kufuta. Hata mimi."

"Hata mimi?"

"Hata wewe, mzee."

Mzee Kobelo akageuza kofia mkononi. Kisha akasema kwamba kijiji kina desturi yake: anayevuruga zamu hatozwi kitu, anasafisha mfereji hatua mia moja. Akapendekeza tuhukumiwe kwanza, kura ifuate. Hakuna aliyepinga.

"Mia kwa mkaguzi, mia kwa aliyekubali," alitangaza. "Na huyo wa Ufini, tunampataje?"

"Ni mbali sana, mzee," Luqmani akasema.

"Ni mgeni wenu ninyi?"

"Ndiyo, tulimkaribisha."

"Basi kosa la mgeni ni la mwenyeji. Hatua zake mtamlimia."

Ndipo kura ikapigwa. Programu iendelee, kwa sharti moja: badiliko lolote linalogusa saa lisikubaliwe mpaka Mama Theresia aseme ndiyo. Mikono ikanyooka, wa Mzee Kobelo ukiwa wa mwisho lakini ukiwa juu. Mama Theresia alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Nikamfuata.

"Nisamehe, mama."

"Ukinidanganya tena nitakuchapa," alisema, akanikumbatia kwa nguvu. "Sasa nenda kachukue jembe."

Nimelima maishani mwangu mara chache sana, na hakuna iliyokuwa kama ile. Tope lilifika kwenye magoti. Luqmani, ambaye hata kikombe cha chai hukishika kwa leso, alikuwa amekunja suruali ya kitambaa na anang'oa magugu huku akinilaumu, nami namlaumu, na watoto wa ukingoni wanahesabu hatua zetu kwa sauti na kutuibia. Mara mbili tulifika sitini tukarudishwa hamsini. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Sikumbuki lini nimekuwa na aibu na furaha kwa pamoja namna ile.

Zilipobaki hatua za Mfini, watoto wakaitwa kwenda kula. Mzee Kobelo akabaki peke yake ukingoni, kofia mkononi.

"Binti," aliniita, sauti imeshuka. "Pale kikaoni, ulijuaje kwamba hatutakufukuza?"

"Sikujua, mzee. Nilishindwa tu kukaa."

Akaguna. Akatazama juu, akatazama chini, hapakuwa na mtu mwingine. "Mwaka juzi, kiangazi," alisema, "daftari lilinipa zamu ya mwisho, maji yameshapungua. Nilichana ukurasa usiku, nikaandika mwingine. Wakamlaumu aliyekuwa katibu, marehemu Allen, akajiuzulu. Sijapata kumwambia mtu."

Luqmani aliacha jembe.

Mzee Kobelo akavua viatu vyake, akavipanga vizuri juu ya nyasi, kofia akaiweka juu yake. Akakunja suruali taratibu, mguu mmoja, kisha wa pili, akaingia kwenye tope karibu nami na kunyoosha mkono.

"Nipe jembe," alisema. "Mkimaliza za huyo mgeni, za kwangu zianzie hapo. Halafu mwiteni Theresia, aniandike."