Neno Moja la Asali

"Pumbavu," Asali alimwambia kaka yake, kwa upole kabisa, na kaka akabaki na gauni mkononi, nusu limekunjwa, nusu linaning'inia nje ya sanduku.

"Anasema asante kwa kuja," nikatafsiri haraka.

"Fundi, naomba unyamaze. Nimeshasikia unavyotafsiri," kaka akanikata.

Hapo alikuwa na haki. Kwa miezi kadhaa mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa Asali, na mdomo ukiachiwa hujisahau.

Kabla ya hapo mtaani kwetu hapakuwa na mwanamke mwenye ulimi mtamu kumshinda. Jina la Asali hakupewa bure. Alikuwa msusi. Mteja aliingia na kichwa kama kiota cha kunguru, akatoka akiamini alizaliwa malkia, na kazi hiyo nusu ilifanywa na vidole, nusu na maneno. Tulipanga chumba kimoja cha biashara: yeye na kiti chake na kioo, mimi na cherehani yangu, pazia katikati. Siku mume wangu alipohama bila kuaga, akaniachia ndala zake tu, Asali alilishusha lile pazia, akalitupa juu ya meza yangu. "Lishone foronya," akasema. "Na ukitaka kulia, lia ninakuona." Pazia halikurudi tena.

Kisha asubuhi moja chanuo kilimponyoka. Alikitazama pale sakafuni kana kwamba ni cha mtu mwingine, mdomo ukaenda upande, nami nikamdaka kabla hajafika chini.

Hospitali alikaa kimya mpaka tukadhani sauti imezikwa. Neno lake la kwanza alimpa daktari aliyemwokoa. "Pumbavu," akamwambia, akimshika mkono kwa shukrani.

Daktari alicheka mpaka miwani ikateleza. "Kiharusi kimeziba njia ya maneno. Matusi mara nyingi hupata njia yake. Msiogope, akili yake ni nzima."

"Kumbe matusi yana mlango wa uani," nikasema.

Mlango huo ukawa ndio wa kutokea kila kitu. Kulikuwa na pumbavu ya kuomba chai, pumbavu ya habari za asubuhi, pumbavu ya mgongo unaniwasha, hapana, juu kidogo. Mama mwenye nyumba alileta matunda, akapewa pumbavu laini kama dua. Mimi nikasimama pembeni nikitafsiri. Nilianza kwa uaminifu, kisha nikanogewa. Jirani mwenye redio nikamwambia Asali anaomba apunguze sauti. Asali, aliyeipenda redio ile kuliko chakula, alinifinya kwa mkono wake wa kushoto, huo uliobaki na nguvu, nikaruka kama mbuzi. Habari zikasambaa.

Kwa hiyo kaka yake alipofika na mkewe kwenye chumba chetu cha biashara, ambako sasa Asali alikuwa analala pia, kumchukua akaishi kwao, safari ya kutwa nzima kutoka kwetu, ushahidi wangu ulikuwa umeshachacha.

Hakuwa mtu mbaya. "Mtu ni kwao," alisema. "Kwetu atalishwa, ataogeshwa, atapumzika. Hatafanya kitu chochote."

Aliyasema kama mtu anayekabidhi zawadi. Nilimwona Asali akiyapokea. *Hatafanya kitu chochote.* Macho yakamtoka.

"Aseme mwenyewe," kaka akaendelea. "Dada, unataka kubaki?"

"Pumbavu."

"Hiyo ni ndiyo au hapana?"

"Pumbavu!" Akapiga ukingo wa kiti. "Pumbavu, pumbavu..." Sauti ikamkatika. Niliuona uso wake ukihangaika kama mtu aliyefungiwa ndani na funguo anazisikia zikilia nje. Nami, kwa mara ya kwanza, sikuwa na tafsiri.

Ndipo macho yake yalipomwangukia wifi yake, aliyekuwa amekaa mlangoni, kichwa kimefungwa kitambaa mpaka kwenye nyusi. Asali alivuta mguu, akamfikia, akakinyofoa kitambaa.

Mungu wangu. Nusu ya kichwa ilikuwa imefumuliwa ikasimama wima kwa hasira. Nusu nyingine ilikuwa na misuko mizee iliyoota mvi za vumbi.

"Nilikuwa nafumua," wifi akajitetea, "safari ikanikuta katikati."

"Pum-ba-vu," Asali akasema, na hiyo haikuhitaji mkalimani. Kaka alijikaza, akashindwa, akaangua kicheko.

Asali alimsukumia wifi kwenye kiti. Akafumua, akachana, akapaka mafuta, yote kwa kushoto. Ilipofika kusuka akanitazama. Mimi nimezoea uzi, sijawahi kusuka hata mdoli. Lakini nilisimama upande wake wa kulia, nikawa mkono wake. Nikikosea alinigonga kwa chanuo na kuniambia nilivyo. Msuko wa kwanza ulikwenda kama mlevi anayetafuta kwake. Wa pili ukapata fahamu. Baadaye tukaacha kugongana; kidole changu kilipoinuka, chake kilikuwa kimeshafika. Wifi alilala, akakoroma. Kaka alikaa kwenye benchi dogo la wateja wanaosubiri, anamtazama dada yake akitoka jasho la kazi.

Wifi alipoamka alijigeuza kushoto, kulia, mbele ya kioo.

"Huu wa mbele umepinda."

"Huo ni wangu," nikasema.

Akajitazama tena, akajigusa shingoni taratibu. "Wifi, na mimi nirudi lini unisuke tena?"

Nilikuwa na jibu tayari kwenye ncha ya ulimi. Nikauma ulimi.

Asali alifungua mdomo. Akatafuta. Kitone cha jasho kikamshuka puani, midomo ikajikunja, ikaachia, ikajikunja tena.

"Kesho," akasema.

Hakuna anayesukwa leo akarudi kusukwa kesho. Hakuna aliyemsahihisha. Kaka aliinuka, akaanza kutoa magauni kwenye sanduku, moja moja, akiniuliza kila moja linatundikwa wapi.