Wa Kubebwa Yuko Wapi

Wewe unayenisikiliza, umewahi kuuliza swali la kejeli, swali lisilotaka jibu, kisha likajibiwa?

Chausiku wa Temeke alijibiwa. Naye hakuwa mtu wa kukosa la kusema, maana kusema ndiko kulikomlisha. Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na maduka yakafurika sabuni za kila nchi, mzee Bandali mwenye kiwanda cha sabuni ya Lulua aliona asipopiga kelele biashara itamfia mkononi. Akafunga spika juu ya pikapu, akatafuta mwenye sauti, akampata Chausiku. "Lulua, mama, povu lisilouma mikono!" Sauti laini, inateleza kama samli ya moto. Gari lilipita Tandika, Mtoni, hadi Kunduchi kwa wauza samaki, na Chausiku akienda gengeni kununua nyanya watu walimwamkia kwa maneno hayo hayo. Akajijua kuwa ni mtu.

Basi ikaja harusi ya Nusaiba. Shughuli ya wanawake watupu, baada ya adhuhuri, ua umezungushiwa makuti mapya na watoto wote wamepelekwa kwa jirani ili watu wazima wajimwage. Hapo ndipo watu hupashana, na desturi ni kwamba ya uani huishia uani. Chausiku alikuwa na lake moyoni na Raudha, jirani yake asiye na mtoto, aliyesema bombani mbele za watu kwamba ile sauti ni ya spika tu, ukichomoa waya anabaki bata. Alipopewa maiki, akamtazama Raudha aliyekaa karibu na masufuria ya pilau, akatia madaha, akaimba:

"Mbeleko mwaikunja, sandukuni mwaitia,
Wa kubebwa yuko wapi?"

"Yuko wapi!" wanawake wakaitikia, na vigelegele juu.

Raudha aliuvuta mtandio wake ukamkaa vizuri, akaokota viatu vyake mlangoni, akatoka. Haukupita muda akauhama mtaa.

Yangeishia uani, ila kuna mtu alikuwa ameweka redio kaseti pembeni mwa jamvi, inanasa sauti. Kaseti ile ikanakiliwa vibandani, ikauzwa, ikaazimwa, ikapigwa saluni na kwa mafundi cherehani. Na kila aliyeisikiliza alisikia jambo ambalo hakuna aliyelisikia siku ile. Baada ya "yuko wapi", vigelegele vikipungua, analia mtoto mchanga. Wala si kilio cha nyumba ya jirani. Kiko pale pale, kwenye mdomo wa maiki.

Mzee Bandali akamwita Chausiku ofisini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa, sikiliza." Akabonyeza redio. Mkewe, Maryambai, aliyekuwa akimimina chai, alipofika penye kilio akaiweka birika chini, akatoka mkono mdomoni.

"Mzee, ile ni mipasho tu. Sie kina mama ndivyo tunavyotaniana."

"Mimi nimezaliwa Dar hapa hapa, usinifundishe mipasho. Kina mama wanarudisha sabuni dukani. Wanasema nguo za watoto wao hawafulii sabuni ya mdomo ule."

"Kwa hiyo unanifukuza?"

Bandali alikuwa ameshaizima redio. Hata hivyo ikalia. Kilio kidogo, cha kukatika pumzi. Wakatazamana. Bandali akachomoa waya ukutani, akaushika mkononi kama anayeshika mkia wa nyoka.

"Nenda," akasema polepole. "Uliyemtukana akija mwenyewe hapa, akaniambia yamekwisha baina yenu, kazi yako ipo. Bila hivyo sitaki hata kukusikia."

Kuanzia hapo Chausiku hakuweza tena kuuliza kitu. Alimuuliza mpangaji wake, Tekla, mwanamke wa Bukoba, "Tekla, kisu kiko wapi?" Kilio kikamjibu kutoka chini ya kitanda. Akainama na taa ya chemli, mchana kweupe, akakuta ndara zake tu. Alimuuliza muuza mkaa bei, kikajibu kutoka ndani ya gunia, na muuza mkaa akafunga gunia lake akaenda zake. Mwisho akawa haulizi. Anaonyesha kwa kidole.

"Dada Chau," Tekla alimwambia siku moja wakichambua mchele, "una mgeni?"

"Sina."

"Mbona basi mgeni wako ana njaa?"

Chausiku akajifunga kanga, akaenda Ukonga, ambako Raudha alikuwa amehamia kwa mama yake, nyuma ya ukuta wa gereza. Ua umefagiwa, mistari ya ufagio bado haijakanyagwa. Kwenye kamba kulikuwa na nguo moja tu, mbeleko, imefuliwa, inachuruzika. Raudha amekaa mkekani, redio kaseti pajani, ameipunguza sauti.

"Hodi."

"Karibu. Bata kaja kwa miguu?" Hakucheka.

Chausiku akakaa ukingoni mwa mkeka. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno: kazi, mzee Bandali, yamekwisha.

"Unataka niende kwa tajiri wako," Raudha akamtangulia. "Habari ninazo. Nitaenda. Ngoja kwanza amalize."

Chausiku nusura aulize, amalize nani? Akauma ulimi. Redioni sauti yake mwenyewe ikapanda, tamu, mbaya, ikafika kwenye mbeleko, ikafika kwenye yuko wapi. Mtoto akalia. Raudha akainama, goti likaanza kutikisika taratibu, kama linalobembeleza.

"Nyie mnaziba masikio. Mie nanunua betri. Mwanangu alizaliwa kimya, Chausiku, kabla hujahamia mtaani kwetu. Wakunga wakampigapiga mgongo. Kimya. Wakasema asiyelia haswaliwi, na ya nini kumpa jina. Wakamchukua kabla maziwa hayajanishuka. Mbeleko ile ni yake." Akaitazama kamba. "Sikuwahi kuisikia sauti yake. Wewe ulimwita kwa ubaya, na bado akaitika."

Chausiku akasogea kutoka ukingoni hadi katikati ya mkeka.

"Nisamehe, Raudha."

"Si nimekwambia nitaenda?"

Chausiku akaona kwamba hilo silo. Kazi ilikuwa imekwisha kurudi mikononi mwake, angeweza kuinuka akaenda zake. Hakuinuka. Alikaa na lile lililobaki, akiliogopa, kwa sababu lilikuwa swali.

"Jina lake nani?"

Wote wawili wakasikiliza. Kaseti ilizunguka. Hakuna kilichojibu, wala mkekani, wala kambani. Palitulia kama panavyotulia mahali penye mtu anayesubiri kuitwa.

Raudha akaizima redio.

"Suhaib," akasema kwa kunong'ona, kama anayeonja chumvi. Kisha akainua uso kuelekea kwenye mbeleko, akatoa sauti kamili, ya mama anayemwita mtoto uani.

"Suhaib! Nilitaka aitwe Suhaib."