Fotifaivu ya Kiprugut

Cheruto aliingia dukani kwa Jasbir Singh mjini Nakuru akiwa amevaa koti lake la kanisani, kwa kuwa maofisi yalishamfunza kwamba mjane asiyevaa vizuri husubirishwa zaidi. Alikuwa anatoka kituo cha polisi, kibali mkononi. Mwaka huo wa 2007 wezi walikuwa wamevunja zizi lake kule Ndabibi mara mbili na kumchukulia ndama wa gredi, na baada ya kuzungushwa sana hatimaye alikubaliwa kumiliki bastola. Kilichobaki kilikuwa kuchagua ipi.

"Nataka ya Kiprugut," alisema hata kabla hajaketi.

Jasbir alikuwa fundi na muuzaji wa silaha mwenye leseni. Yeye na Kiprugut, mume wa Cheruto, walikuwa wamejuana kwenye klabu ya shabaha karibu na Gilgil, na pale wakabishana kila Jumamosi kwa miaka mingi, mpaka mwaka uliopita moyo wa Kiprugut uliposimama ghafla akiwa shambani anakagua viazi. Tangu mazishi, bastola yake ilikuwa imefungiwa katika sefu ya Jasbir. Cheruto hakuwa ameiona tena.

"Mama Micah," Jasbir alisema, "kwanza chai."

"Nitakunywa. Lakini jibu ni hilo hilo."

Jasbir hakubisha. Ukaidi wa mama huyu aliusikia kwa miaka mingi kutoka kwa mumewe, ambaye aliutaja kwa majivuno kama mtu anayesifu fahali wake. Alitandika kitambaa juu ya meza, akafungua sefu, akatoa bastola mbili. Alivuta nyuma slaidi za zote mbili, yale mabamba ya chuma yanayofunika mtutu, akamwonyesha kwamba hazina kitu ndani, kisha akazilaza bega kwa bega.

Zote zilikuwa Glock, nyeusi, fremu za plastiki, zimekosa urembo kabisa. Cheruto aliitambua ya mumewe kwa mkwaruzo wa ubavuni. Asingeuona mkwaruzo huo, asingejua ipi ni ipi.

"Si ni mapacha hawa," alisema.

"Ni ndugu. Mmoja amekula ugali zaidi."

Hakutaka kucheka, lakini mdomo ulimsaliti kidogo.

Jasbir alichukua risasi mbili za mfano, zisizo na baruti, akazisimamisha mbele yake. Moja ilikuwa nyembamba, ya milimita tisa, ambayo watu wa klabu waliiita naini. Nyingine ilikuwa fotifaivu, yaani .45, fupi na nene, kama mtu wa tumbo aliyesimama karibu na kijana.

"Tofauti zote zinaanzia hapa," alisema. "Ukitaka kulisha hii nene, lazima magazini inayobeba risasi iwe pana. Magazini inakaa wapi? Ndani ya mpini. Basi mpini nao unanenepa. Ukiutazama kwa mbele huoni sana, lakini pima kutoka mgongoni mwa mpini mpaka kwenye triga. Hiyo safari imekuwa ndefu. Halafu slaidi. Hii ya fotifaivu ni pana na nzito, kwa sababu inapokea teke kubwa. Na bado, pamoja na unene wote huo, inabeba risasi kumi na tatu. Huyu mwembamba anabeba kumi na saba."

"Kiprugut alisema fotifaivu ikigonga kitu, kitu hicho kinajua kimegongwa."

"Alisema hivyo kila wiki. Mimi nilimwambia ukikosa, hakuna anayejua chochote."

Cheruto aliinua ya mumewe. Ilikuwa baridi na nzito kuliko alivyodhani. Aliukumbatia mpini, akanyoosha kidole cha shahada kuelekea kwenye triga, na kidole kikafika, lakini kwa ukucha tu. Aliusogeza mkono wake kuzunguka mpini mpaka kidole kikapata nafasi, na sasa kiganja ndicho kikawa kimeachana na mgongo wa bastola.

"Inanitosha," alisema.

Jasbir alikitazama kile kidole, kisha akatazama chai yake.

"Jumamosi njoo Gilgil," alisema. "Upige zote mbili. Mke wangu atakuwepo."

Jioni hiyo mwanawe Micah alipiga simu kutoka Eldoret, ambako alikuwa anasoma, na Cheruto akamsimulia. "Mathe, chukua hiyo ndogo," alimwambia. "Hiyo ya mzee itakurusha."

"Haikumrusha babako."

"Mzee alikuwa na mikono kama sepetu. Wewe hata glavu za bustani unanunua za watoto."

Cheruto alimwambia asome vitabu vyake, akakata simu. Lakini ni kweli, Kiprugut alikuwa na mikono ya ajabu. Vifaranga wanne walikaa kwenye kiganja chake kimoja na hakuna aliyeanguka. Walipooana, pete yake ilibidi itengenezwe upya, na sonara wa Nakuru akauliza kama ni ya kidole ama ni bangili ya mtoto.

Jumamosi upepo wa Gilgil ulikuwa umeinua vumbi jeupe la huko, na kutoka barabara kuu zilisikika spika za magari ya kampeni. Simran, mke wa Jasbir, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, naye alikuwa mpiga shabaha mzuri kuliko mumewe, jambo ambalo Jasbir mwenyewe alilisema kwa kila mgeni. Alimvalisha Cheruto vizuia sauti vya masikioni, akamrekebishia miguu, kisha akarudi nyuma.

Cheruto alianza na fotifaivu. Mlio ulimgonga kifuani na mdomo wa bastola ukaruka juu kama kichwa cha farasi. Karatasi ya shabaha haikuguswa. Alipiga tena. Mara ya tatu ganda tupu lilibanwa katikati ya kutoka na slaidi ikagoma.

Jasbir aliitoa ile magazini, akalitoa ganda. "Slaidi nzito namna hii inataka ukuta nyuma yake," alisema. "Mkono ukilegea, bastola nzima inarudi nyuma pamoja nayo, na kazi haimaliziki. Si kosa lako wala si kosa lake."

"Nipe tena."

Alipiga mpaka magazini ikaisha, na ikamkwama mara nyingine. Kwenye karatasi kulikuwa na tundu moja, pembeni, mahali ambapo mwizi angepita akipiga mluzi. Ngozi kati ya dole gumba na shahada ilikuwa imewiva.

Kisha akachukua naini. Mpini uliingia mkononi kama unaingia nyumbani. Kidole kilifika kwenye triga bila kuombwa. Aliipiga polepole, na alipomaliza, Simran alienda kuileta karatasi, akaiinua juu. Matundu yalikuwa yamekusanyika katikati kama kuku kwenye mtama.

"Haya," Jasbir alisema kwa furaha.

Cheruto aliiweka bastola chini, akavua vizuia sauti, akatembea mpaka kwenye gari la akina Jasbir, akaegemea boneti na kuwapa mgongo. Jasbir alitaka kumfuata. Simran alimshika mkono, akaenda yeye, akiwa na thamosi na chapati za majani ya methi zilizofungwa kwa karatasi ya foili.

Walikunywa chai kwanza.

"Nimepiga vizuri," Cheruto alisema baadaye, "na sijafurahi hata kidogo. Nimejiona kama mtu anayemcheka mume wake mbele ya watu."

"Ulitaka ukose?"

"Nilitaka nipige vizuri na ile yake." Aligeuza kikombe mikononi. "Koti lake limeenda kwa ndugu yake. Pikapu imeenda kwa ndugu yake. Buti zilimpwaya kila mtu, tukampa mchungaji wa kanisa, naye anazivaa na soksi tatu. Hiyo bastola ndiyo kitu pekee alichokishika kila wiki na bado kipo. Nikiiacha, nimebaki na picha."

Simran hakumwambia kwamba mambo yatakuwa sawa. "Mama yangu alipofariki," alisema, "nilivaa viatu vyake mwaka mzima. Vilikuwa vidogo. Nikaota sugu hapa na hapa, nikawa natembea kama bata, na kila mtu aliniambia jinsi ninavyompenda mama. Mama mwenyewe angeniona angenizaba kofi. Yeye ndiye aliyekuwa akinipeleka duka la Bata kila mwaka, anabonyeza kidole gumba kuhakikisha kuna nafasi."

Cheruto alicheka, na katikati ya kicheko akalia, na Simran akamwacha afanye yote mawili huku akimshikia kikombe.

Waliporudi, Jasbir alikuwa amezifungua bastola zote mbili juu ya meza ya mbao kuzisafisha. Alikuwa ameshikilia slaidi ya fotifaivu karibu na macho.

"Mama Micah, hii ni nini?"

Alimwonyesha kilengeo cha mbele, kile kijino kidogo kinachosimama kwenye ncha ya slaidi. Kikitoka kiwandani huwa na kitone cheupe. Hiki, chini ya masizi ya baruti aliyoyafuta, kilikuwa chekundu, tena chekundu cha kung'aa.

Cheruto aliinama akakitazama kwa muda mrefu. "Hiyo ni rangi yangu ya kucha," alisema. "Ya harusi ya Jepchumba. Dada yangu huyo nilimnunia wiki nzima nikisema ameniibia chupa."

"Kumbe," Jasbir alisema, akaanza kutabasamu. "Macho yake yalikuwa yanafifia. Nilimwambia anunue miwani, akaniambia miwani ni ya makarani. Kisha siku moja akaanza kupiga vizuri tena, na hakukubali kusema kwa nini."

Cheruto alimwona Kiprugut chumbani, mlango umefungwa, ameishika ile brashi ndogo kwa vidole vile kama mikungu ya ndizi, amezuia pumzi ili asichafue. Alicheka mpaka akashika meza.

Jasbir alikuwa ameshapata wazo. "Sikiliza," alisema. "Hizi mbili zinatofautiana pale penye kazi ya nguvu: mtutu, slaidi, mpini, magazini. Hata kilengeo cha nyuma kimo chake si kimoja, kwa sababu risasi hizi haziruki sawa. Lakini cha mbele ni kile kile, skrubu ile ile. Na namba za serikali ziko kwenye fremu, slaidi na mtutu. Kwenye kilengeo hakuna namba."

"Kinatoka?"

"Dakika tano."

"Basi kitoe," Cheruto alisema. "Ukiweke kwenye hiyo naini yangu."

Alisimama kando yake akitazama bisibisi ikizunguka, na kile kijino chekundu kikahamia juu ya naini na kukazwa. Alipiga magazini nyingine kabla hawajaondoka. Safari hii Simran alilazimika kuhesabu matundu kwa kidole, kwa kuwa baadhi yalikuwa yameingiliana.

Fotifaivu ilikaa kwa Jasbir ikingoja mnunuzi, na Cheruto aliweka sharti kwamba lazima amwone mtu huyo kwanza. Jasbir alimwambia hakuna sheria ya namna hiyo. Alijibiwa kwamba sasa ipo. Wawili wa kwanza aliwakataa: mmoja kwa sababu aliongea sana, mwingine bila kutoa sababu.

Karibu na mwisho wa mwaka akaja Bethwel, daktari wa mifugo wa upande wa Gilgil, mrefu, mpole, mwenye harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Alimwamkia Cheruto kwa adabu, akaketi kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayekuja kuposa.

"Nionyeshe mkono," Cheruto alisema.

Bethwel alimtazama Jasbir, kisha akaunyoosha. Ulikuwa mkono mkubwa, umekwaruzwa na ng'ombe. Cheruto aliugeuza, akaweka mpini ndani yake. Kidole kilifika kwenye triga na kikabaki na nafasi.

"Kuna kitu napaswa kujua kuihusu?" Bethwel aliuliza.

Cheruto alifikiri kidogo. "Uko na bibi?"

"Niko naye, mama."

"Basi usiipake mafuta juu ya kitambaa chake cha meza," alisema. "Mwenyewe wa kwanza alikuwa haambiliki."

Alimkabidhi Jasbir karatasi za kutia sahihi, akamaliza chai yake, akaondoka mapema ili afike Ndabibi kabla ng'ombe hawajakamuliwa.