Mlango wa Nyuma wa Kliniki ya Gitothua

Siku hiyo mjinga alikuwa Gachau, na mpaka leo hakatai. Anachobishania ni kiwango tu.

Gachau huchora ramani za nyumba. Ofisi yake iko Thika, juu ya duka la mbegu, lakini kwake ni Gitothua, na majirani walipopata kiwanja cha kujenga kliniki wakamwomba awachoree. Akachora. Mlango wa mbele ni wa presha, sukari na watoto wa chanjo. Mlango wa nyuma ni wa wale aliowaita "wenye mambo ya kichwa". Katikati akaweka ukuta wa mawe usio na hata tundu la panya.

Sista Ndila, nesi aliyepewa kuisimamia kliniki hiyo, hakuutaka ukuta.

"Mtu haji hospitali kichwa amekiacha nyumbani," alisema.

"Mimi nawasitiri, sista. Nani anataka kuonekana?"

Wakakubaliana wajaribu. Jumamosi wakapigilia vigingi kiwanjani, wakavuta kamba kila palipo ukuta na kuacha nafasi kila palipo mlango, vile fundi hufanya kabla ya kuchimba msingi. Majirani waingie kama wagonjwa, kila mtu na ugonjwa wake wa kweli. Mlango wa nyuma ukipata hata mtu mmoja, ukuta ubaki.

Mbele kukajaa. Nyuma hakukuja mtu. Njia ya huko ilipita kando ya kibanda cha chipsi, na Kiama wa bodaboda alikuwa amekaa hapo na wenzake, wametulia kama watu waliokuja kuona mpira.

"Mnaona?" Gachau akasema. "Gitothua hatuna wagonjwa wa kichwa."

"Tuko nao wengi!" Kiama akajibu kutoka kibandani. "Ni vile wameniona hapa!"

Watu wakacheka. Gachau naye akafungua mdomo. Tangu wamzike mkewe, Waithira, mama ya mtoto wao Shiko, alikuwa anajua pa kucheka kwa kuangalia wengine. Ungemuuliza kama ana huzuni angesema hana, na hangekudanganya. Hakuwa na chochote. Chai ikiwa moto alikunywa, ikipoa alikunywa.

Akapanga foleni ya mbele. Zamu yake ilipofika, Ndila akamfunga mkanda wa mashine mkononi na kusubiri.

"Iko juu, Baba Shiko. Dawa unameza?"

"Nikikumbuka."

"Na kulala?"

"Nalala kwa kiti."

"Kwani kitanda kiliuzwa?"

"Kiko. Upande mmoja ni wa Mama Shiko. Shuka bado iko vile aliikunja."

Alisema hivyo kama anayemsomea fundi vipimo vya dirisha. Mama aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akaangalia chini. Ndila akafungua mkanda polepole, akaukunja.

"Presha nitakupa dawa," akasema. "Hiyo ingine ni ya kuongea na Dorine. Yuko chumba cha pili."

Dorine, mshauri, alikuwa kwenye kiti cha plastiki ng'ambo ya kamba, karibu kabisa, mtu angeweza kumsalimia kwa mkono. Akampungia. Gachau akainua mguu.

"Unaenda wapi?" Ndila akauliza.

"Si kwa Dorine?"

"Toka nje kwanza. Zunguka, upite pale kwa chipsi, uingie na mlango wa nyuma."

Gachau akageuka. Kule kibandani Kiama alikuwa ameacha kutafuna. Wenzake pia. Mguu wa Gachau ukarudi chini wenyewe, naye akabaki hapo, masikio yamepata moto, kitu ambacho hakikuwa kimemfanyikia siku nyingi.

"Sista, wacha mchezo," akasema kwa sauti ya chini. "Hii ni kamba tu. Naruka."

"Utaruka aje, Baba Shiko? Hapo ulichora ukuta."