Rangi ya Idi

"Halizunguki!"

"Litazunguka! Tena wewe ndiye utakayelizungusha, kesho baada ya swala, na utalizungusha ukicheka."

"Kiti kikianguka na mtoto ndani, Shangazi, nicheke na nani?"

"Lo! Saumu imekupanda kichwani. Nenda kanywe maji, Mungu atakusamehe."

Bi Maimuna aliyasema hayo kwa sauti, makusudi, wasikie vijana wa gereji ya jirani. Wakasikia, wakacheka. Alamin akahisi masikio yanamuwaka. Tangu alipoacha shule akiwa darasa la saba, yeye ndiye anayelizungusha gurudumu hili la viti vya watoto la shangazi yake hapa Ukunda, na leo anaambiwa njaa ndiyo inayomsemesha.

Zamani uwanja huu ulikuwa na pembea za mbao tu. Siku za Idi wanaume wenye vifua walizisukuma kwa mikono, watoto wakipiga mayowe mpaka Magharibi. Kisha marehemu mume wa Bi Maimuna akaleta gurudumu la chuma kutoka Mombasa. Lilikuja limeshachoka, watoto wa mjini wamelipanda mpaka wamelichukia, lakini huku lilikuwa ajabu. Likafungwa injini ya kusagia mahindi, na watu wakatoka Msambweni, wengine hata Vanga, waje waone Ukunda kutoka juu. Sasa Diani kuna majumba ya plastiki yanayojazwa upepo, kuna mateleza ya maji, na mwenye gari huwapeleka wanawe huko. Gurudumu limebaki na watoto wa madrasa. Na dawa ya Bi Maimuna ni moja kila mwaka: rangi. Idi ikikaribia, rangi mpya juu ya ile kuukuu. Hakuna anayekwangua kitu.

Alamin alichomoa kisu, akakikwangua chuma kinachoshika kiti cha kwanza. Buluu ya leo, bado mbichi. Chini yake manjano. Chini ya manjano kijani, halafu nyingine na nyingine, mpaka waridi, mwaka aliozaliwa Twaiba, mjukuu wa Bi Maimuna. Chini ya waridi hapakuwa na chuma, kutu tu. Kando, penye ufa, chini ya buluu tupu, palitoka donge la pamba linalonuka mafuta ya papa.

"Na hii ni nini?"

"Kalafati," alijibu Boga. Boga ni fundi wa mashua wa Gazi. Bi Maimuna alimwita juzi arekebishe viti. Alikuwa amechutama kivulini, nyundo yake ya mbao mapajani. "Palikuwa na ufa. Nikauziba vizuri. Mashua niliyoiziba mimi haiingii maji."

"Mashua ni mti, Boga! Mti ukinywa maji unafura, ufa unajifunga wenyewe. Chuma kikinywa maji kinaoza!" Alikitia kisu kwenye ufa, kikazama mpaka mpinini. "Hebu ona! Kisu cha kumenyea muhogo hiki!"

Vijana wa gereji waliacha kucheka.

"Si uite mtu wa kuchomelea?" alisema Bi Maimuna. "Kelele za nini?"

"Nilimwita kabla ya Boga. Kasema hapana chuma cha kuchomelea, moto utashika wapi? Kwenye rangi? Shangazi, kesho mzunguko wa kwanza ni wa bure, wa watoto wa madrasa. Na kiti hiki ndicho anachokaa Twaiba kila mwaka. Hiki hapa!"

"Marehemu aliniachia hili tu. Alipokufa yeye, na hili life?"

"Lishakufa! Unampaka wanja maiti!"

Alijua amevuka mpaka. Hakutaka kurudi.

Bi Maimuna alimtazama. Akakunja buibui lake, akapanda kile kiti cha kwanza, akakaa. Chuma kikalia.

"Zungusha."

"Shuka, Shangazi."

"Maiti hafi mara mbili. Zungusha!"

"Sizungushi."

"Boga! Njoo washa injini. Huyu mwoga."

Boga aliitazama nyundo yake, akaligeukia lile donge la pamba mchangani. "Bi Maimuna, mimi niliambiwa nizibe ufa," alisema polepole. "Sikuambiwa ufa utapandwa na watu."

"Na wewe pia!"

Kiti kiliinama kidogo upande wa ule ufa. Bi Maimuna akashika ukingo kwa mikono miwili, viganja vikatoka vya buluu. Hakushuka. Alamin alingoja ashuke, na jinsi alivyong'ang'ania kukaa ndivyo hasira zilivyozidi kumpanda. Akaiendea injini, akaichomoa hendeli ya kuiwashia. Injini kongwe ile. Hendeli nyingine ya kuiingia haipo Kwale nzima.

"Rudisha hiyo!"

"Hairudi."

"Ukitoka nayo hapa, Alamin, usije kwangu Idi. Usije hata kunizika!"

"Sawa."

"Na Twaiba? Kashashonewa nguo, anahesabu saa! Nimwambie nini?"

"Mwambie mimi ndiye niliyemharibia Idi yake. Mwambie hivyo hivyo. Aje anitukane mwenyewe, kwa miguu yake yote miwili."

Bi Maimuna alitaka kuinuka amfuate, lakini buibui lilikuwa limegandia rangi mbichi. Alilivuta, likakataa. Alamin aliona, na mkono wake ukataka kwenda kumsaidia. Akaukaza kwenye hendeli, akageuka, akaishika njia ya barabarani.